Homa Baada ya Dawa za Kansa ya Kibofu
Kwa wagonjwa na wanaowauguza, Arua na Koboko

Huku West Nile mtu akishikwa na homa, watu hutaja malaria kwanza, na mara nyingi hawakosei. Lakini kwa anayetibiwa kansa ya kibofu cha mkojo, mazoea hayo yanaweza kuua.

Dawa nyingine, kama mitomisini, hutiwa kibofuni kwa mpira wa mkojo. Huchubua kibofu kwa ndani: mkojo unachoma, haja ndogo haiishi, pengine na damu kidogo. Kwa kawaida hutulia baada ya siku chache. Huo si ugonjwa wa zinaa, basi wenzi wasishukiane bure, na antibiotiki zisinunuliwe kabla mkojo haujapimwa. Dawa ikigusa viganja au sehemu za siri huleta vipele. Kojoa ukiwa umechuchumaa, kisha nawa kwa sabuni.

BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga, nayo hutiwa kibofuni. Hiyo ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Homa ndogo ya siku moja si ajabu. Ikipita nyuzi 38.5 au isipokwisha siku ya pili, rudi hospitali, maana huenda vijidudu vimeingia kwenye damu.

Dawa za dripu, kama sisplatini na jemsitabini, zina hatari kubwa zaidi. Chembe nyeupe za damu hushuka, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, na ambukizo dogo linaweza kuenea mwilini kwa saa chache tu. Nyuzi 38 zatosha kukutoa nyumbani hata usiku wa manane. Usitangulize parasetamoli, itaificha homa. Diklofenaki, inayouzwa kila duka la dawa, huumiza figo zilizokwisha kuchoshwa na sisplatini. Na kipimo kikionyesha malaria, tibiwa, ila damu ipimwe pia: malaria haizuii ambukizo jingine.

Aliyetibiwa kwenye taasisi ya kansa ya Mulago, Kampala, huwa amekwisha kurudi kwao siku hizo zinapomkuta. Asingoje tarehe ya kurudi Kampala. Wa Koboko aende hospitali ya Koboko, wa Arua hospitali ya rufaa, na kabla ya kuulizwa aseme: "Nimetiwa dawa za kansa," ataje na siku. Antibiotiki ya mshipani hutakiwa ndani ya saa moja. Karatasi za matibabu zikae karibu na mlango, na kipimajoto kinunuliwe kabla ya dripu ya kwanza.