Buffalo: Tazama Upepo Kabla ya Kipimajoto

Novemba 2014, baadhi ya vitongoji vya kusini mwa Buffalo, katika jimbo la New York, vilifukiwa na theluji iliyozidi mita moja na nusu kwa siku chache. Kaskazini mwa mji, mwendo mfupi tu kwa gari, watu walifagia sentimita chache mlangoni. Baridi ilikuwa ileile. Kilichowatofautisha ni upande waliokaa wakati upepo ulipovuka Ziwa Erie.

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaijua kazi hii ya ziwa, ila kwa mvua. Pepo za mashariki huvuka maji zikizoa unyevu, na ndiyo sababu Bukoba, upande wa magharibi, hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza.

Huko Buffalo, Novemba inapoingia, maji ya Erie bado yamehifadhi joto la kiangazi. Hewa kavu yenye baridi kali ikishuka kutoka Kanada na kupita juu yake, hupata joto na mvuke kutoka chini, hupanda, hugeuka mawingu, kisha huimwaga theluji ng'ambo. Watabiri huangalia kama maji yana joto linalozidi lile la hewa ya kimo cha mita 1,500 kwa nyuzi 13 za Selsiasi hivi. Lakini mwelekeo wa upepo ndio unaoamua nani atafukiwa. Ukitoka kusini-magharibi, hufuata urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 390, na mawingu hujipanga katika mkanda mmoja mwembamba. Ndani ya mkanda huo hata barabara haionekani; nje yake jua linawaka. Upepo ukigeuka kidogo, mkanda nao huhama. Vilima vya kusini mwa mji huisukuma hewa juu zaidi, na theluji huongezeka.

Erie ina kina kifupi, wastani wa mita 19, hivyo huganda mapema. Barafu ikitanda, mvuke hukatika na theluji hii hupungua. Ziwa Ontario lina kina kirefu na ni nadra kuganda lote. Nyanda za juu za Tug Hill, mashariki mwake, zina sehemu zinazopata zaidi ya mita tano kwa mwaka.

Kwa familia zetu zilizotoka Kongo na Burundi zikahamia Buffalo, jambo la kwanza ni kusoma utabiri wa kitongoji chako, siyo wa mji mzima, na kuuliza upepo unatoka wapi. Marufuku ya kusafiri ikitangazwa, usitoke. Katika tufani ya Desemba 2022 walikufa watu zaidi ya 40 Buffalo na maeneo jirani. Wengine walikwama ndani ya magari, wengine moyo ulisimama wakizoa theluji, wengine nyumba zilikosa joto. Weka mapema dawa, chakula, maji na mablanketi. Zoa theluji kidogokidogo, ukipumzika. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi la gari na matundu ya mtambo wa kupasha nyumba joto, kwa maana gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua. Usiwashe jiko la mkaa ndani, hata kama umeme umekatika.

Na kama unamjua jirani aliyefika mwaka huu, ambaye hajui bado kusoma tangazo la Kiingereza, mpigie simu leo, kabla upepo haujageuka.