Mkono Ulioungua kwa Uji

Moto wa mekoni hupika chakula, na pia huunguza. Wala si mwali peke yake uunguzao: maji yachemkayo, mvuke, mafuta na uji huunguza vilevile. Uji una hatari yake, kwa sababu ni mzito. Maji yakimwagika hutiririka yakaenda zake, bali uji hunata juu ya ngozi na joto lake hukaa.

Msichana mmoja alikuwa akikoroga uji asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Chungu hakikukaa sawasawa juu ya mafiga. Kikainama, na uji ukammwagikia mkono wa kuume, tangu vidole hata kifundo. Kwa kuogopa kukemewa alitaka kuufunika mkono kwa kanga na kunyamaza. Lakini wahenga walinena, mficha maradhi kilio humfichua. Maumivu yalimshinda, akalia, na bibi yake akaja mbio.

Bibi alimvua bangili upesi, mkono usije ukavimba zikakaza. Kisha akachota maji safi mtungini kwa kata, akayamimina polepole juu ya mkono. Jirani mmoja akaleta samli, wa pili akaleta majivu. Bibi akavikataa vyote viwili.

Msichana akauliza, "Bibi, haijatosha?"

"Bado, mjukuu wangu. Moto ungali ndani."

Bibi alisema kweli. Joto likiisha kuingia mwilini haliondoki mara moja. Huendelea kuunguza kama kaa lililofunikwa kwa majivu. Maji ya baridi hulitoa. Samli hulizuia ndani, na majivu au udongo hutia uchafu katika kidonda. Katika uchafu huo huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda, ugonjwa uuao. Barafu nayo haifai, maana hudhuru ngozi iliyokwisha kuumia. Yapasa maji yamiminwe kwa dakika 20. Hata aliyechelewa hufaidika, maadamu saa 3 hazijapita tangu alipoungua.

Mtungi ulipokwisha, kaka yake alitumwa kuteka maji mengine. Baadaye bibi aliufunika mkono kwa kitambaa safi bila kukaza, akampeleka mjukuu wake zahanati. Jeraha la moto lililo usoni, mikononi, miguuni au penye viungo, au lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, halifai kutibiwa nyumbani. Tena, ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi kama mkaa, wala haiumi, isidhaniwe kuwa ni heri: huenda mishipa ya fahamu imeungua.

Siku ile malengelenge yalitokea. Msichana alitamani kuyatumbua, lakini mwuguzi akamkataza, kwa kuwa ngozi ya lengelenge ni kifuniko kizuiacho uchafu. Alimwagiza aje kufungwa kitambaa kipya, ale maharage, mayai, samaki na matunda ili mwili upate kujenga ngozi mpya, na kila siku akunje na kukunjua vidole vyake.

Agizo hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa maana vidole viliuma. Siku moja alikataa kabisa. Mwuguzi akamweleza kwamba kidonda kikubwa kipoapo hujikunja kama ngozi ya mbuzi ikaukavyo juani. Mkono usiotumiwa waweza kupona huku vidole vimekakamaa, visishike jembe wala kalamu. Msichana akasikia, akaendelea huku machozi yakimtoka.

Juma la tatu kidonda kilifunga. Ngozi mpya ilikuwa na rangi isiyolingana na ile ya zamani, naye akaufunika mkono wake juani, kwani ngozi changa huungua upesi. Rangi ilirudi kidogo kidogo kwa miezi mingi. Lakini vidole vyote vitano vilikunjuka, naye akarudi darasani akaandika kwa mkono uleule.

Maswali

1. Kwa nini uji huunguza kwa muda mrefu kuliko maji?
2. Bibi alikataa samli na majivu kwa sababu gani?
3. Taja majeraha ya moto yapasayo kupelekwa zahanati.
4. Mkono wa msichana ungekuwaje kama asingalikunja vidole vyake?