Mfupa Umeunga, Mbona Kifundo Bado Kinauma?

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma. Ulianguka na bodaboda, ukajikinga kwa kiganja, mkono ukavunjika karibu na kifundo, ukafungwa hogo wiki 6. Sasa limetolewa na mfupa umeunga vizuri, lakini ukikamua nguo unasikia kitu kinaruka ndani, na nguvu huna. Umeambiwa uvumilie. Mimi dada yako nakwambia rudi kwa daktari wa mifupa, tena uende ukijua la kuuliza.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, iliyofungwa pamoja kwa kano kama fito za ukuta wa udongo zinavyofungwa kwa kamba. Eksirei ya kawaida huonyesha fito; kamba haionyeshi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvunjika mfupa na kukatika kano kwa anguko lilelile, ikatibiwa mivunjiko peke yake. Siku ya kwanza mkono wote umevimba, ukiguswa popote unaruka, kwa hiyo hata daktari makini hupata shida kujua.

Kano ya kuulizia kwanza ni ile iunganishayo skafoidi na lunati, mifupa miwili iliyo jirani, skafoidi upande wa dole gumba na lunati katikati. Huumia zaidi pale ufa wa ule mfupa mkubwa wa mkono uliovunjika karibu na kifundo unapoingia ndani ya kiungo, hasa ukikata ncha yake ya upande wa dole gumba. Kano ikikatika, mifupa hiyo huachana. Mwanya ukizidi milimita 3, daktari huanza kushuku. Lakini sikiliza vizuri hapa: mkono ukilazwa umelegea, mwanya unaweza kujificha kabisa. Omba upigwe eksirei ukiwa umekunja ngumi kwa nguvu, na ule mkono mwingine usioumia nao upigwe hivyohivyo, vilinganishwe, maana wapo watu wenye mwanya mpana wa asili mikono yote miwili.

Ataukagua pia kwa vidole vyake, akibonyeza skafoidi upande wa kiganja huku akiupeleka mkono taratibu kuelekea dole gumba. Mfupa ukiruka na yale maumivu yako yakarudi, mueleze palepale, usijikaze. Kisha anaweza kukutuma MRI. Ikisomwa kuwa safi na maumivu yakabaki, usikubali shauri liishie hapo, kwa sababu MRI hupitwa na baadhi ya michaniko. Kipimo cha uhakika zaidi ni kamera ndogo inayoingizwa kwenye kiungo kupitia matundu madogo. Kama maumivu yako upande wa kidole cha mwisho, hasa ukizungusha ufunguo, sema hivyo. Huko kuna kano nyingine.

Usikae na jeraha hili. Kano iliyokatika karibuni inaweza kushonwa, na wiki chache za mwanzo ndizo nzuri kuliko zote. Zikipita bado zipo njia za kuitengeneza, ila kazi inakuwa ngumu, na ikiachwa miaka, mifupa husagana mpaka kiungo kikachakaa. Na tafadhali, mpaka upate jibu, asikuchue mtu wala kukuvuta hicho kifundo, hata kama ni shangazi mwenye mkono mwepesi.

Ukienda, beba picha zote, hasa ile ya siku uliyoanguka kabla hujafungwa hogo. Humo daktari ataona ufa ulipita wapi.