Risasi Inayoingia Si Lazima Iwe Inayofaa: Somo kwa Mnunuzi wa Bunduki ya Kuwindia ya Risasi Moja

Bunduki ya risasi moja haina ghala la risasi. Mwindaji hutia risasi, hufyatua, hutoa ganda, kisha hutia nyingine. Nchini Marekani bunduki nyingi za namna hii huuzwa zikiwa zimekwisha kutumika, na baadhi ya wenye nazo hujijazia risasi nyumbani ili kupunguza gharama. Somo hili ni kwa wasomaji wetu waishio nchini humo wanaokusudia kununua bunduki kama hiyo, au risasi zilizojazwa kwa mkono. Tutatumia mfano wa risasi moja, .45-70 Government, kwa kuwa inaonyesha wazi hatari ambayo mnunuzi haioni kwa macho.

Jina moja, nguvu tofauti

Risasi hii ilianza mwaka 1873 pamoja na bunduki ya Springfield ya jeshi la Marekani. Tarakimu 45 hutaja kipenyo cha kichwa cha risasi kwa sehemu za mia za inchi. Tarakimu 70 hutaja uzito wa baruti nyeusi iliyotiwa ndani yake, yaani greni 70, ambazo ni takriban gramu 4.5. Bunduki ile iliundwa kwa chuma cha zama zake, nayo ilitosha kustahimili nguvu ya baruti hiyo.

Risasi za jina hilohilo zinatengenezwa hadi leo, nazo huingia vizuri katika bunduki za kisasa zilizo imara zaidi, kama vile Ruger No. 1 iliyoanza kuuzwa mwaka 1967. Kwa sababu hiyo, vitabu vya vipimo vya kujazia kwa kawaida huigawa .45-70 katika makundi matatu: vipimo vya Springfield za kale, vipimo vya bunduki zinazokokwa kwa wenzo wa chini, na vipimo vya bunduki imara za kisasa. Risasi ya kundi la tatu ikifyatuliwa katika bunduki ya kundi la kwanza yaweza kuipasua mbele ya uso wa mpigaji. Kwa nje risasi hizo hufanana. Hata baadhi ya zile za dukani hubeba onyo kwenye kasha kwamba zisitumiwe katika bunduki za kale.

Risasi zilizojazwa kwa mkono

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda huweza kutumika tena, na hapo ndipo unafuu unapotoka. Lakini kabla ya unafuu huo kuna gharama ya mizani, mashine ya kushindilia na kitabu cha vipimo. Mwindaji anayefyatua risasi chache kwa mwaka huenda asirudishe fedha zake.

Kosa dogo katika kazi hii lina madhara makubwa. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi mwingi yaweza kuchukua sehemu ndogo tu ya ganda kubwa la .45-70, mtu akisahau akaitia mara mbili, huenda isimwagike, wala yeye asigundue. Asipoitia kabisa, fataki yaweza kukisukuma kichwa hadi kikwame ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usitie risasi nyingine. Elekeza mtutu mahali salama, subiri walau sekunde 30, kisha fungua bunduki na uhakikishe kwamba mtutu ni mtupu.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani haimtaki mtu awe na leseni ili ajaze risasi za matumizi yake mwenyewe, ila atengenezaye za kuuza lazima awe nayo. Ipo pia jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa za walaji haikuzijumuisha silaha na risasi. Tume hiyo haiwezi kuamuru risasi mbovu zirudishwe. Kwa kawaida mtengenezaji hufanya hivyo kwa hiari yake. Aidha, dhamana za watengenezaji wengi wa bunduki hazigharimii uharibifu uliosababishwa na risasi zilizojazwa upya.

Vyuma vya kulengea hufuata risasi

Bunduki isiyo na darubini hulengwa kwa vyuma viwili: ncha ya mbele na pengo la nyuma. Muuzaji akisema kwamba bunduki "imekwisha kulengeshwa", muulize ni kwa risasi gani. Uzito wa kichwa na mwendo wake vikibadilika, pahala inapopiga hubadilika pia. Asiyejua hilo humjeruhi mnyama badala ya kumwua mara moja.

Kanuni ya kurekebisha ni nyepesi. Chuma cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi iende. Cha mbele husogezwa kinyume chake. Kiasi cha kusogeza hupatikana kwa kuzidisha kosa kwa umbali ulio kati ya vyuma viwili, kisha kugawa kwa umbali wa shabaha. Ikiwa risasi imepiga sentimita 10 kushoto kwenye shabaha iliyo mita 50, na vyuma vimeachana kwa sentimita 60, chuma cha nyuma kisogezwe kulia milimita 1.2 tu. Piga walau risasi tatu za aina moja kabla ya kurekebisha.

Kabla ya kulipa

1. Soma jina la risasi lililochongwa kwenye mtutu, na ujue bunduki ni ya mfano na umri gani.
2. Mpelekee fundi wa bunduki aikague, hasa ikiwa ni ya kale.
3. Usinunue risasi zilizojazwa na mtu asiye na leseni, hata kama bei yake ni rahisi.
4. Kataa risasi zilizo katika kasha lisiloonyesha aina ya baruti, uzito wa kichwa na jina la mtengenezaji.
5. Weka baruti katika chombo chake cha asili, mbali na moto na watoto, na unawe mikono kila ushikapo risasi.

Muuzaji akikuambia kwamba risasi "inaingia vizuri", amekujibu nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kama bunduki yako inaweza kuistahimili.