Uko Misheni Nje ya Nchi? Akiba Iwe kwa Jina Lako

Afande, hili swali tunaulizwa mara nyingi: nikiwa misheni Somalia, naweza kufungua akaunti ya akiba bila kurudi Kenya? Ndio, inawezekana. Lakini kama bado hujaondoka, fungua sasa ukiwa nyumbani. Itakupunguzia kazi nyingi.

Wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka 2012 wakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Jina la kikosi limebadilika mara mbili tangu hapo: AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025. Shida ya pesa imebaki ile ile. Kambini matumizi ni kidogo, mshahara unaingia, posho nayo iko juu yake. Nyumbani wanajua hivyo. Wengi hutuma zote kwa ndugu au mama watoto na kusema, "Niwekee mpaka nirudi." Kisha karo inafika, shangazi analazwa, fundi anataka simiti. Hakuna aliyeiba. Ila pesa iliyo kwenye simu ya mtu mwingine itatatua kwanza shida zilizo mbele ya mtu huyo.

Kwa hivyo gawanya mapema. Kiasi cha nyumbani kitumwe kila mwezi, kijulikane, na kisihusishwe kabisa na akiba. Akiba iende kwenye akaunti yenye jina lako, ambayo namba yake ya siri unaijua wewe peke yako.

Tuanze na laini, kwa sababu hapo ndipo watu hukwama. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba unayotumia iliandikishwa kwa jina la dada yako ulipokuwa Form Four, jina halitalingana na kitambulisho na ombi la akaunti litakwama. Kurekebisha ni kazi ya siku moja ukiwa Nairobi au Eldoret. Ukiwa Kismayu ni hadithi nyingine. Pia washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, ile watu huita roming, kabla ya kusafiri, maana ujumbe wa kuthibitisha hutumwa kwa namba hiyo hiyo. Namba zinazoanza na nyota mara nyingine hukataa ukivuka mpaka, kwa hivyo weka programu ya benki kwenye simu na uijaribu ukiwa bado hapa.

Kwenye fomu utaulizwa kitambulisho, PIN ya KRA na anwani. Andika anwani ya nyumbani. Jina la kambi halihitajiki, na tungependelea lisionekane popote.

Sasa uweke wapi? Benki ni rahisi: agiza pesa zihame zenyewe siku mshahara unapoingia. Tuseme unaweka shilingi 15,000 mwanzoni mwa kila mwezi kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Umeweka 180,000 na riba ni kama 7,800. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 kwenye riba hiyo, unabaki na 6,630. Si utajiri, lakini pesa zote ziko. Pia Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hukinga hadi shilingi 500,000 za kila mteja katika kila benki, benki hiyo ikianguka.

Sacco ni nzuri kwa anayejijua mkono mwepesi, kwa sababu makato hutoka kwenye mshahara kabla hujauona. Na mwenye kiasi kikubwa anaweza kununua hati fungani za serikali kwa simu kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, kuanzia shilingi 50,000.

Huenda umesikia kuhusu akiba ya asilimia 10. Ipo kweli, ila ni ya jeshi la Marekani, kwa askari wao walio maeneo ya vita, na mwisho ni dola 10,000. Mkenya aliyejiunga na jeshi lile anaweza kuipata. Ujumbe wa WhatsApp unaoahidi kitu kama hicho kwa KDF, usiubonyeze.

Jambo moja gumu kidogo kuzungumzia. Mtu mmoja nyumbani ajue akaunti ziko benki gani, bila kujua namba ya siri. Kwenye sacco, andika mteule wako na uhakikishe si jina uliloandika kabla hujaoa. Kwa benki, kuandikwa kama jamaa wa karibu hakumpi mtu ruhusa ya kutoa pesa. Familia italazimika kutafuta hati za kusimamia mirathi kortini. Mweleze mke wako, au mume wako, mapema, mkiwa mmeketi pamoja. Kwa simu, mtandao ukikatika katikati, mazungumzo haya huwa mabaya.