Kizunguzungu cha Wazee: Si Kila Mara ni Presha

Alfajiri bibi anageukia upande wa pili kitandani, na papo hapo dari linaanza kuzunguka. Anashikilia godoro, kichefuchefu kinamjia, kisha haifiki hata dakika moja mambo yanatulia. Nyumbani wanasema presha imepanda, au malaria. Mara nyingi si hiyo wala ile.

Kama si presha, ni nini basi?

Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo mno za chokaa zinazomsaidia mtu kujua kama kichwa kimeinama au kimenyooka. Umri ukisonga, baadhi hubanduka na kuingia katika mifereji yenye majimaji inayopima mzunguko wa kichwa. Kichwa kikigeuka, chembe hizo huteremka, majimaji husukumwa, na ubongo huarifiwa kuwa mwili unazunguka hali umetulia. Ndiyo maana humshika mzee anapolala, anapotazama juu kufikia rafu, au anaposujudu. Róbert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake wa sikio la ndani, alikwisha kueleza hali hii mwaka 1921.

Daktari hutambuaje?

Kitanda na macho yake vinamtosha. Njia yenyewe ilielezwa na Dix na Hallpike wa London mwaka 1952: mgonjwa huketi, kichwa hugeuzwa nyuzi 45, kisha hulazwa chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Macho yakianza kuchezacheza baada ya sekunde chache na kizunguzungu kikaja, sikio lenye kasoro limejulikana. Mgonjwa asiye na dalili nyingine hahitaji picha ya ubongo, na inauma kuona familia ikiuza mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho.

Vidonge vya kizunguzungu vinasaidia?

Sinarizini na prokloperazini hupunguza kichefuchefu, lakini hazirudishi chembe mahali pake. Kwa mzee zina madhara: humtia usingizi, humfanya ayumbe, na zikitumiwa miezi kwa miezi zinaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo. Mzee anayeyumba huanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Tiba ni ya mikono. John Epley, daktari wa Portland, Marekani, aliionyesha mwaka 1980, wenzake wakaitilia shaka. Makala yake ya mwaka 1992 ikasaidia kuwashawishi. Mgonjwa akishalazwa kama ilivyoelezwa, husubiriwa hadi kizunguzungu kiishe, kichwa hugeuzwa upande wa pili, kisha mwili mzima hulazwa ubavu, uso ukielekea sakafuni, ndipo anainuliwa taratibu. Kila mkao huchukua kama nusu dakika hadi dakika moja. Chembe huteleza na kutoka mferejini. Wengi hupona kwa mara moja au chache, ingawa hali inaweza kurudi, na ikirudi hurudiwa vilevile. Mwenye maradhi ya shingo au uti wa mgongo asijaribiwe nyumbani.

Na akishikwa anaposimama tu?

Hapo presha inahusika, ila kwa kushuka. Ipimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Ikishuka kwa 20 namba ya juu au 10 ya chini, daktari apitie upya dawa zake zote, zikiwemo za presha na za kukojoza. Kwa sasa, mzee aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na njia ya chooni iwe na taa usiku.

Lini ni dharura?

Uso ukipinda upande mmoja, maneno yakikwama, mkono au mguu ukilegea, akiona vitu viwili viwili, au akishindwa kabisa kusimama. Hicho huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa kizunguzungu cha kugeuza kichwa, anayemuuguza mzee aende naye kliniki ya masikio, pua na koo, au kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na aombe kipimo cha kitandani kabla ya kukubali vidonge.