Banda la Kwanza la Gorong'ondwa

Msafiri apitaye njia itokayo Mugumu kwenda Ikoma asubuhi, umande ukiisha kukauka, huona juu ya mawe ya matale mjusi mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na kiwiliwili cha buluu. Mjusi huyo huinua na kushusha kifua chake mara kwa mara, mithili ya askari afanyaye mazoezi. Ni dume la gorong'ondwa wa mawe, ambaye kitaalamu huitwa Agama mwanzae. Arthur Loveridge ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi, mwaka 1923. Jike lake lina rangi ya udongo na halitambulikani kwa urahisi. Hana sumu, na wale wamwuao kwa hofu humdhulumu bure.

Gorong'ondwa ana ndugu wa mbali huko Australia, mjusi mwenye miiba shingoni ifananayo na ndevu. Wote wawili ni wa jamaa ya Agamidae. Huyo wa Australia hufugwa majumbani Ulaya na Marekani, na vitabu vingi vimeandikwa juu ya makao yake: sanduku la kioo, taa ya kutoa joto, na taa nyingine ya kuiga jua. Mwalimu wa bayolojia wa Tarime au Serengeti apataye kitabu cha namna hiyo aweza kukifuata neno kwa neno, na mnyama wake akafa siku ile ile. Kitabu hakikukosea, kiliandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi.

Kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, lipo jambo la sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, na udogo wa mnyama si udhuru. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna kinachookotwa. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti nayo yana ulinzi wake. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, biashara ambayo ndani yake mijusi wengi walikuwa wakipakiwa vibaya. Kwa hiyo yanayofuata yawahusu wenye kibali.

Mjusi huitwa mnyama wa damu baridi, na jina hilo lapotosha. Gorong'ondwa aliyeota jua saa nne asubuhi ana damu yenye joto sawa na la binadamu, pengine zaidi. Tofauti ni kwamba sisi joto letu hutokana na chakula kinachochomwa mwilini, ilhali yeye hulichukua kwenye jua na jiwe. Hulipata kwa kuhamahama: hujilaza juani apatapo baridi, huingia ufani azidiwapo na joto. Akipozwa, hata chakula alichomeza hakisagiki tumboni, bali huoza. Akikaa penye joto la nyuzi 45 za Sentigredi bila pa kukimbilia, hufa upesi. Basi banda jema si lile lenye joto fulani lililo sawa kila mahali. Ni lile lenye majoto mengi, naye mjusi akachagua.

Hapo ndipo sanduku la kioo linaposhindwa. Tarime na Mugumu ni miji iliyo kati ya nyuzi 1 na 2 kusini mwa Ikweta, katika nyanda zilizoinuka, na jua lake ni kali. Kioo hupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia hewa ya moto kutoka. Sanduku huwa tanuri. Tena kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi ya mjusi huitumia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo madini ya kalisi hayafyonzwi vema, mifupa hulainika, taya hupinda, na miguu hupatwa na matege. Huo ndio ugonjwa uuao mijusi wengi waliofungwa, na huja polepole kiasi kwamba mfugaji hudhani mnyama wake amekuwa mpole tu.

Banda la Mara, basi, na lijengwe nje, kwa wavu wa waya. Kwa dume moja na majike mawili yafaa urefu usiopungua mita 2, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Madume mawili yasiwekwe pamoja kamwe, kwa kuwa dume mnyonge hana pa kukimbilia. Ubavu mrefu uelekee mashariki ili jua la asubuhi liingie mapema. Theluthi moja ya paa iezekwe kwa nyasi. Bati halifai, kwa sababu likishapata moto huutupa chini.

Msingi ni wa matofali, na kuuzunguka kuna mfereji mwembamba wa saruji uliojaa maji. Wageni wa Ulaya hawaandiki habari za mfereji huu, maana hawana siafu. Usiku mmoja wa masika watosha siafu kummaliza mjusi aliyefungiwa asiweze kutoroka. Maji yabadilishwe kila juma, mbu wasije wakazaliana humo.

Mawe ndiyo moyo wa banda. Yachaguliwe mawe bapa ya matale, yapangwe kwa kuachiana nyufa nyembamba ambamo mjusi aweza kujibana mgongo na tumbo. Jiwe la chini likae juu ya sakafu ngumu, si juu ya mchanga. Mjusi akichimbua mchanga jiwe humwangukia. Jiwe nene hulihifadhi joto la mchana na kulitoa kidogo kidogo usiku, jambo la maana katika nyanda za Tarime miezi ya Juni na Julai. Kona moja iwe na mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 20, kwa ajili ya mayai. Maji ya kunywa yanyunyizwe juu ya mawe asubuhi.

Chakula ni panzi, nyenje, mende na kumbikumbi, lakini wasitoke katika shamba la pamba lililopuliziwa dawa. Vimulimuli waachwe kabisa: kimulimuli mmoja wa Marekani atosha kumwua yule mjusi wa Australia. Wadudu wana fosforasi nyingi na kalisi haba. Dawa yake iko jikoni: maganda ya mayai yachemshwe, yakaushwe, yasagwe yawe unga, kisha panzi wapakwe unga huo. Chokaa ya kupaka nyumba isitumiwe, kwani huunguza. Mwanafunzi aliyeshika mjusi au jiwe lake na anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu mijusi huchukua vijidudu vya salmonela bila wao kuugua.

Banda lisipokewe mjusi kabla ya kupimwa siku tatu. Vipimajoto vitatu vyatosha: kimoja juu ya jiwe la juani, kimoja kivulini, kimoja ndani ya ufa. Visomwe saa moja asubuhi, saa nne, saa saba na saa kumi. Jiwe likifika nyuzi 40 adhuhuri si kitu, mradi ufa wenyewe usipite 32. Ukipita, nyasi ziongezwe au mawe yasogezwe, na vipimo vianze upya.

Shule isiyopata kibali hukusanya mawe yale yale, ikayapanga vivyo hivyo kwenye ukingo wa uwanja penye jua, bila wavu wala mfereji. Kama kuna mwamba wenye mijusi karibu, wapangaji waweza kuja wenyewe. Nao huondoka watakapo.